Uzito wa Kitanda Kumi na Moja

Hospitalini walimwita Waya. Jina alilipata siku ya kwanza, alipoonekana akitambaa chini ya meza ya mapokezi na rundo la nyaya begani, na miaka tisa baadaye hata watu wa utumishi walipotaka jina lake la kwenye kitambulisho ilibidi wafungue kabati. Mwenyewe hakulalamika. Waya hakuwa mtu wa kulalamika. Alikuwa mtu wa kuogopa.

Aliogopa kwa utaratibu, kama wengine wanavyokunja nguo. Asubuhi kabla ya kutoka nyumbani aligusa vitasa vyote vinne vya jiko, akatoka, akafika getini, akarudi, akavigusa tena. Mumewe alikuwa mwalimu wa udereva, mtu anayeshinda garini na watu wasiojua breki iko mguu gani, na hakuwa na hofu ya kitu. Alikuwa akisema mke wake ndiye binadamu pekee anayeweza kupata ajali akiwa amekaa kwenye kochi. Waya alicheka kila aliposikia hilo, kisha akainama kidogo kuangalia miguu ya kochi.

Kazini lakini woga huo ulikuwa mali. Chumba chake kilikuwa chini kabisa ya jengo, hakina dirisha, kimepakana na stoo ya mashuka, na humo ndimo ilimokaa kompyuta kubwa yenye kumbukumbu za wagonjwa wote. Mtu asiye na woga angeilea ile kompyuta mwezi mmoja tu, siku moja akaipindulia chai. Waya alihifadhi nakala ya kila kitu mara tatu, na chai aliinywa koridoni, amesimama.

Shida ilikuwa hifadhidata yenyewe, ile programu iliyotunza kumbukumbu hizo. Ilinunuliwa enzi za skrini zenye maandishi ya kijani, na kampuni iliyoiuza ilishafunga milango zamani. Ukipiga namba yao ya simu ulipokewa na duka la magodoro. Kila kitu cha kila mgonjwa kilikuwemo mle ndani, ila kukitoa ilikuwa kama kumtoa paka uvunguni: unamwona, humpati. Ndiyo maana kila alfajiri mzee wa masjala, ambaye wote walimwita Mzee Faili, alikaa mbele ya skrini ya kijani akinakili kwa kalamu orodha ya wagonjwa wa kila wodi. Jina, umri, kitanda, ugonjwa. Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu, na macho yake yalikuwa yameshatangulia.

Waya alimhurumia. Tena aliogopa: siku moja mzee atasoma sita kama nane. Akaamua orodha ijichapishe yenyewe.

Alikuwa anaijua lugha moja ya skripti, nyepesi, ya kuandikia programu fupifupi zinazofanya kazi za kuchosha. Ila lugha hiyo na hifadhidata ile hazikuwa zikijuana kabisa. Hakuna mtu duniani aliyewahi kuwa na sababu ya kuzikutanisha. Basi ilibidi aandike kiendelezi, yaani kipande cha programu unachokipachika kwenye lugha ili ijue kubisha hodi kwenye hifadhidata, kuuliza, na kurudi na jibu. Kipande hicho huandikwa kwa C, lugha ambayo ukikosea haikwambii kitu. Inakutazama tu ukienda zako.

Ilimchukua miezi saba. Ukiitazama kwa karibu, kazi ya kiendelezi ni ya mhudumu wa mezani. Kinapeleka bakuli moja kwa kila jambo linaloulizwa: bakuli la jina, bakuli la umri, bakuli la kitanda. Hifadhidata inajaza. Kiendelezi kinasoma kilichomo, kinakiandika kwenye orodha, kisha kinayarudisha mabakuli yale yale kwa ajili ya mgonjwa anayefuata. Na kama mgonjwa huyo hana kitu katika jambo fulani, tuseme hakuna aliyeuliza umri wake, hifadhidata hailigusi bakuli. Inainua kibendera kidogo pembeni, kusema hapa sina cha kukupa. Basi. Ni juu ya mhudumu kukitazama kibendera. Asipokitazama atasoma kilichomo bakulini, na kilichomo ni makombo ya mgonjwa aliyetangulia.

Waya alikijua kibendera. Alikiogopa kuliko kitu chochote katika ile kazi. Kwa jina alikiangalia mara mbili, kwa umri mara mbili. Alibuni wagonjwa kumi wa uongo, akawanyang'anya umri na ugonjwa, mmoja akamnyang'anya mpaka jina, na orodha ikatoka na nafasi nyeupe kila panapostahili kuwa peupe. Ikapangwa kwamba Ijumaa asubuhi wodi ya watoto ndiyo ianze.

Alhamisi saa tisa alasiri Matroni akashuka ngazi mwenyewe.

Matroni alikuwa mwanamke mpana mwenye sauti ndogo. Watu huogopa wenye sauti kubwa kwa sababu hawajakutana na wenye sauti ndogo. Aliishika orodha ya majaribio kwa vidole viwili, akaisoma juu mpaka chini, akasema ni nzuri, ila haina uzito. Dozi za watoto ni kwa kilo, alisema, na wauguzi wake wanakimbilia mafaili kila saa. Kwa hiyo kesho na uzito uwepo.

Waya alijua papo hapo kwamba haiwezekani. Uzito una nukta, kilo tisa na nukta nne, na namba za nukta zinahitaji bakuli la aina yake, ambalo hakuwa amelitengeneza. Alihitaji siku mbili. Kichwani sentensi ilikuwa tayari, imekamilika, imevaa viatu: Matroni, naomba mpaka Jumatatu. Mdomo ukasema:

"Sawa, Matroni."

Alilitengeneza kwa saa mbili, kwa kunakili sehemu ya namba nzima na kuibadilisha hapa na pale, na katika kunakili akaruka mistari miwili. Ndiyo ile miwili inayotazama kibendera. Akajaribu kwa wagonjwa wake kumi wa uongo. Kwa haraka, na kwa sababu alikuwa mtu nadhifu, kila mmoja akampa uzito mzuri, hakuna aliyekosa. Namba zote kumi zikatoka sawasawa. Akaenda nyumbani, akagusa vitasa vinne vya jiko.

Ijumaa saa moja kamili orodha ikachapwa, vitanda ishirini na sita. Mzee Faili akapeleka nakala wodini, akabaki na yake, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka akanywa chai ikiwa bado ya moto. Saa mbili na dakika arobaini akashuka kwa Waya akicheka peke yake kwenye ngazi.

"Binti yangu, njoo uone maajabu. Huyu mtoto kazaliwa juzi, ana kilo kumi na sita na nukta mbili. Huyu hakuzaliwa, alihamia."

Waya alicheka. Ilikuwa inachekesha kweli. Akaichukua karatasi kuangalia, jicho likapanda mstari mmoja juu, kwa msichana wa miaka minne wa kitanda cha kabla yake. Kumi na sita na nukta mbili.

Kicheko kikakatika. Alimwomba mzee amtafutie kichanga yule kwenye skrini ya kijani, na mzee akatafuta, taratibu, kwa kidole kimoja. Safu ya uzito ilikuwa tupu. Walikuwa hawajauingiza.

Mzee Faili alimpoza. Alisema kosa lenyewe la kuchekesha tu, nani atampa kichanga dawa ya kilo kumi na sita, hata kipofu angemshika akajua. Alisema kweli. Na hapo ndipo Waya alipoogopa hasa. Kosa la kuchekesha halina madhara, kila mtu analiona. Linaloua ni lile lisilomchekesha yeyote.

Alishusha kidole kwenye orodha akitafuta namba mbili zinazofanana zimefuatana. Kitanda cha tano, na juu yake cha nne. Kisha kitanda cha kumi: kumi na tatu na nukta nne. Kitanda cha kumi na moja: kumi na tatu na nukta nne. Mvulana, miaka miwili, degedege.

Kumi na tatu kwa mtoto wa miaka miwili. Nani angecheka?

"Huyu alipimwa?" aliuliza.

Mzee akasoma skrini. "Hajapimwa. Kaletwa alfajiri anatetemeka mwili mzima, nani angempandisha kwenye mizani?"

Waya alinyanyua simu kupiga wodini. Ilikuwa inatumika; wauguzi walizoea kuiweka pembeni wakati wa dawa ili wasisumbuliwe. Akairudisha. Na hapo, mkono bado uko juu ya simu, likamjia wazo. Kuirudisha mistari miwili ni dakika tano. Kuchapa upya, dakika moja. Akapande na orodha mpya, achukue ya zamani aseme ina wino mbaya, na hakuna atakayejua, wala Matroni. Wazo lilikuja likakaa kama mgeni aliyekuja na begi lake. Alisimama nalo kwa sekunde nyingi kuliko alizokuwa tayari kukiri baadaye. Lilifukuzwa na jambo moja tu: dakika sita. Katika dakika sita sindano inaingia na kutoka.

Akakimbia. Lifti ilikuwa imebeba toroli la mashuka, akapanda ngazi, ghorofa tatu, yeye ambaye kwa kawaida alipanda ameshika ukuta. Aliingia wodini hana pumzi, na kiatu kimoja kimebaki ngazini. Sista wa zamu alikuwa na toroli la dawa, yuko kitanda cha kumi na tano.

"Kitanda kumi na moja," Waya alisema. "Dawa yake ya degedege. Usimpe kwanza."

"Nimeshampa. Saa mbili na nusu. Daktari alisema huyo asisubiri wenzake."

"Kwa kilo ngapi?"

Sista akainua orodha. "Kumi na tatu na nukta nne. Si mmeandika wenyewe?"

Waya aliuhisi mdomo wake ukitafuta pa kujificha. Pale palikuwa na mama wa kitanda cha kumi na nne, na wa kumi na tano, na watoto, na dirisha wazi. "Namba hiyo si yake," alisema. "Ni ya kitanda cha kumi. Yeye hajapimwa. Kosa ni langu."

Sista hakupaza sauti. Aliliacha toroli katikati ya njia, akaenda kitanda cha kumi na moja, akafunua blanketi. Ni blanketi ndilo lililokuwa limemfanya mkubwa. Chini yake alilala mtoto mwembamba, miguu kama ya kuazima, amelala usingizi wa kuzama mno kwa saa tatu asubuhi. Upande wa pili wa kitanda mama yake, msichana wa miaka ishirini na kitu bado amevaa kanga aliyokurupuka nayo usiku, aliwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Huyu hafiki kumi," Sista alisema taratibu, na akaenda kumwita daktari.

Daktari alipiga hesabu kwenye kiganja. Dozi mara moja na nusu, alisema. Ingekuwa hiyo peke yake angesema aachwe alale. Ila alfajiri pale mapokezi walishamchoma nyingine ya kukata degedege, na hizo mbili zikikutana, kinachochoka ni pumzi. Wakamwekea oksijeni. Wakaweka mpira wa kupumulishia, ule wa kubana kwa mkono, kando ya mto, karibu, mahali pa kuufikia bila kugeuka. Waya aliutazama ule mpira.

Kisha Matroni akafika. Alisikiliza yote. Aliagiza wale wawili wengine wenye namba za makombo waangaliwe, na ikaonekana wako salama: kichanga alikuwa ananyonya tu, na wa kitanda cha tano hakuwa ameandikiwa dawa bado. Akakusanya orodha zote za wodi, akazikunja mara mbili, akazitia mfukoni. Wauguzi walikuwa wawili, watoto ishirini na sita. Akamgeukia Waya.

"Unajua kuhesabu?"

"Ndiyo, Matroni."

"Kaa hapo. Kila baada ya dakika tano unahesabu pumzi zake dakika nzima, unaandika. Zikishuka mpaka kumi na mbili usiandike. Piga kelele."

Akampa saa yake ya kifuani, karatasi na kalamu. Waya akakaa kwenye stuli, mguu mmoja una kiatu, mwingine soksi.

Hakuwa amewahi kuhesabu hivyo maishani. Programu zake zilihesabu mamilioni wakati yeye yuko koridoni na chai. Sasa palikuwa na kifua kimoja, kidogo kama sahani ya kikombe, kinapanda, kinashuka, na kati ya kushuka na kupanda palikuwa na mahali ambapo hapakuwa na kitu kabisa. Hapo ndipo alipofia kila mara. Ishirini na mbili. Ishirini. Ishirini. Alikuwa akiiona mistari miwili aliyoiruka, iko wazi kichwani kama imeandikwa kwenye shuka. Kama kibendera kimeinuliwa, usisome bakuli. Mtoto mdogo angeielewa.

Saa nne na robo mama wa mtoto aliongea kwa mara ya kwanza.

"Dada, wewe ni daktari?"

"Hapana."

"Nesi?"

"Hapana. Mimi ni wa kompyuta, chini." Angeweza kuishia hapo. Yule mama asingeuliza zaidi. "Mimi ndiye niliyekosea. Karatasi ya uzito niliitengeneza mimi."

Waya alisubiri kofi, au tusi, au kilio, na angepokea chochote kwa shukrani. Mama alivuta tu shuka kidogo kwenye mguu wa mwanawe, akauliza aliikoseaje. Na Waya, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kumpa, akamweleza. Akaeleza habari ya mabakuli na kibendera, kwa sauti ya chini, macho hayatoki kwenye kifua cha mtoto. Mama akasikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo wewe hukuliosha bakuli," alisema.

"Sikuliosha."

"Na hukuangalia kama mwanangu amepakuliwa."

"Sikuangalia."

Mama akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyethibitisha bei aliyoitilia shaka. "Haya, hesabu. Dakika tano zimefika. Na usikosee tena."

Kumi na nane. Kumi na saba. Daktari alipita akafunua kope za mtoto, akatazama karatasi, akaenda kitanda kinachofuata. Kumi na tano. Kila mara Waya alijishuku, akahesabu upya, na kila mara aliyokuwa ameipata mwanzo ndiyo ilikuwa sahihi. Kumi na nne. Wodi iliendelea na maisha yake, mtoto mmoja alikuwa anagombania kijiko na mwenzake, mtu wa usafi alipita akaomba miguu inyanyuliwe. Waya akanyanyua miguu. Kumi na tatu.

Saa tano na dakika ishirini alianza tena, moja, mbili, tatu. Kumi. Mshale wa sekunde ulikuwa umebakiza robo ya duara. Kumi na moja. Kifua kikashuka, na kikakaa chini. Mshale ukapita kwenye tarakimu moja, ukapita kwenye nyingine. Kikapanda. Kumi na mbili, na dakika ikaisha.

Alifungua mdomo. Sauti haikutoka. Alikuwa ameambiwa apige kelele, alijua kwamba anatakiwa kupiga kelele, na kilichotoka ni hewa tupu, kama mtu anayepuliza chai. Alinyanyua mkono ulioshika karatasi, akautingisha. Mama aliona ule mkono, akaona uso uliokuwa nyuma yake, na yeye ndiye aliyepiga kelele, kelele moja ndefu isiyo na neno ndani yake, na Sista akaja anakimbia.

Walimpumulisha kwa ule mpira. Sista aliubana na kuuachia, kubana na kuachia, daktari ameshika taya ya mtoto kwa vidole viwili, na Waya akasukumwa mpaka ukutani, ambako alisimama akihesabu mibano ya mkono wa Sista kwa sababu hakuna aliyemwambia aache. Mama alikuwa amemshika mkono. Hakuna kati yao aliyekumbuka nani alimshika mwenzake. Dakika kumi na mbili. Kisha daktari akamwambia Sista asimame, wote wakatazama kifua, na kifua kikapanda chenyewe. Kikashuka. Kikapanda.

"Rudi kwenye stuli," daktari alimwambia Waya.

Kumi na nne. Kumi na tano. Saa sita, kumi na nane. Saa saba kasoro mtoto akakunja uso, akaupeleka mkono puani kuung'oa mpira wa oksijeni, akashindwa, akalia. Kilikuwa kilio kibovu, cha sauti iliyokauka, na wodi nzima haikugeuka kwa sababu humo watoto hulia kutwa. Mama alimwinamia akaweka paji la uso wake kwenye tumbo la mtoto. Waya aliandika: ishirini na nne, analia. Kisha akatoka mpaka koridoni, akatapika kwenye ndoo ya mtu wa usafi.

Matroni alimkuta hapo, amechuchumaa. Alisubiri amalize, akampa kitambaa.

"Jana nilipokuja kuomba uzito," alisema kwa ile sauti yake ndogo, "ulijua muda hautoshi?"

"Nilijua."

"Ukasema sawa."

"Nilikuogopa, Matroni."

Matroni alitoa zile orodha mfukoni, akazitazama, akazirudisha. "Na mimi nitaandika hivyo kwenye ripoti, kwamba niliomba kitu alasiri kitumike asubuhi," alisema. "Wewe andika lako. Siku nyingine uniogope, lakini useme hapana huku unaniogopa."

Akasema orodha isimame mpaka Waya aijaribu kwa wagonjwa wasio na chochote, wasio na jina, umri wala uzito, na Mzee Faili awe anakaa naye kutafuta cha kucheka. Kama atabaki kazini hilo si lake kuamua, litaamuliwa Jumatatu na wakubwa. Waya aliitikia. Alishangaa kwamba Jumatatu haikumtisha. Hofu yote ilikuwa imetumika, na iliyobaki ilikuwa bado kitanda cha kumi na moja.

Waliporudi ndani mama alikuwa amesimama, mtoto begani, mpira wa oksijeni umening'inia. Alikuwa akimwambia Sista jambo, na Sista alikuwa akisema mtoto apumzike kwanza, watapima jioni. Mama akasema hapana. Alisema mwanawe apimwe sasa, mbele yake, na mbele ya huyu dada.

Sista akamtazama Matroni, Matroni akainamisha kichwa kukubali. Mizani ikaletwa, ile ya kulaza, na mtoto akalazwa juu yake analia na kupiga teke. Namba zikapanda zikashuka kwa yale mateke. Wote wanne waliinama juu yake wakisubiri atulie. Alipotulia ikasimama kwenye tisa na nukta moja.

"Aandike yeye," mama alisema.

Sista akampa Waya faili. Waya akashika kalamu, akapata mahali penyewe, safu ya uzito, nyeupe, haina kitu. Akaandika. Mama akachungulia, Sista akachungulia, na Matroni akavaa miwani yake, akalileta faili karibu na dirisha.

"Hii moja yako inafanana na saba," alisema. "Kata. Andika tena."

Waya akaikata kwa mstari mmoja. Akashika mkono wa kulia kwa ule wa kushoto, akaandika upya, taratibu: tisa, nukta, moja. Halafu hakulirudisha faili. Aligeuka nalo kwenye mizani, akatazama namba, akatazama karatasi, akatazama namba. Mtoto alikuwa ameanza tena mateke, na namba ilikuwa inarukaruka, kwa hiyo akasubiri.